Ijumaa Nilizoshindana na Jua

Kama mkono wako umeanza kutetemeka, ukapewa vidonge, vidonge vikakusaidia, halafu baada ya miezi michache ukajikuta unafanya jambo ambalo hujawahi kulifanya tangu uzaliwe, na unalificha, basi haya nimekuandikia wewe. Wengine wasome tu wacheke. Mimi mwenyewe siku hizi nacheka, ila sicheki sana.

Mimi ni karani wa majani chai. Nafanya kazi kwenye kiwanda upande wa Itumbe, na nyumbani kwangu ni Kebirigo, kule Nyamira. Katikati ya wiki nalala kwenye nyumba za wafanyakazi, na Ijumaa narudi kwa mke wangu na binti yetu Kwamboka. Mimi ni Msabato, mzee wa kanisa wa zaidi ya miaka ishirini. Kuhusu mwendo, niseme hivi: nikiendesha pikapu ya kanisa kwenda mazishini, kina mama walikuwa wanaomba kushuka njiani, eti wakitembea watafika mapema. Nilikuwa mtu wa namna hiyo.

Mkono wa kulia ulianza wakati wa mvua ndefu, majani yanapokuwa mengi na foleni ya wakulima inafika hadi barabarani. Nilikuwa naandika uzito wa gunia, namba inatoka kama imeandikwa na kuku. Nikadhani ni uchovu. Wakulima wakadhani ni pombe. Sikujua mpaka shemasi mmoja wa kanisa letu, aliyekuwa ameleta majani ya dada yake, aliponisalimu kwa karibu sana, pua yake karibu iguse shavu langu, akavuta pumzi. Alikuwa ananinusa. Mtu ambaye mtoto wake nilimwandaa kwa ubatizo ananinusa mbele ya foleni nzima. Siku hiyo niliwaambia kazini kwamba naumwa tumbo, nikaenda kukaa chumbani na mlango umefungwa.

Hospitali tuliyoenda na mke wangu iko Kisii mjini, na daktari wa mishipa ya fahamu alikuwa anaonana na watu Jumatano peke yake. Nimekaa kwenye lile benchi la kijani Jumatano nyingi. Ya kwanza nilikaa karibu na fundi viatu kutoka upande wa ziwa, mtu wa makamo, yeye alikuwa anatetemeka mpaka benchi lote linajua. Aliniangalia nikiuficha mkono ndani ya koti, akaniambia, "Ukalie. Ukiukalia unanyamaza kidogo." Nikaukalia. Kweli ukanyamaza. Sikuwahi kujua jina lake, lakini hakuna mtu aliyenisaidia haraka hivyo mwaka ule wote.

Daktari alikuwa mama mdogo kwa umri, mpole, anayesema maneno machache. Alitaja jina la ugonjwa. Sikulisikia. Nilisikia tu kwamba hautapona, ila utaishi nao. Mke wangu ndiye aliyeuliza swali la maana. "Ataweza kushika kalamu?" Daktari akasema tujaribu vidonge.

Tulianza na kimoja, baada ya kliniki ya pili vikawa viwili, ya tatu vikawa vitatu. Na vikafanya kazi. Kabla ya hapo Mama Kwamboka alikuwa ananifunga vifungo vya shati kila Sabato asubuhi, anavifunga akiangalia ukutani ili asinione uso. Sabato moja baada ya kliniki ya tatu nilijifunga mwenyewe mpaka cha shingoni. Nikatoka nje. Aliona, akarudi jikoni, nikamsikia analia huko akijifanya anapuliza moto. Nawaambia haya ili muelewe kwa nini nilivipenda vile vidonge, na kwa nini sikutaka visemwe vibaya.

Kliniki ile ya tatu daktari aliniuliza, "Karani, kuna tabia yoyote mpya? Kamari, kula sana, kununua vitu ovyo, kitu chochote unachoshindwa kujizuia?"

Nikamjibu, "Daktari, mimi ni Msabato."

Akaandika kitu kwenye faili. Mimi nilidhani ananiuliza kuhusu dhambi, na za aina hiyo sikuwa nazo.

Sasa niingie kwenye gari. Mdogo wangu Ondieki anaishi Amerika. Desemba ile alikuja nyumbani, akanunua gari la mbio kwa mtu wa Mombasa, milango miwili, sauti nzito, limechuchumaa chini barabarani hata watoto wa Kebirigo wakaliita Chura. Alilikimbiza wiki tatu, akatuaibisha vya kutosha, kisha likizo ikaisha. Akaniachia funguo. Akasema, "Kaka, uwe unaliendesha kila wiki, betri isife. Wewe najua utalitunza." Alicheka aliposema hivyo, na sisi sote tukacheka. Chura mikononi mwa mtu anayeshindwa na ng'ombe kwa mwendo.

Basi nikawa naenda nalo Itumbe Jumatatu, narudi nalo Ijumaa. Ni safari ya saa moja na nusu kwa mtu mwenye akili timamu, ukipitia Keroka na foleni yake ya malori. Wiki za kwanza nilienda kama kawaida yangu. Kisha siku moja, kwenye ile lami iliyonyooka kabla ya Keroka, mguu wangu wa kulia ulikanyaga. Mimi sikuuambia ukanyage. Chura likanguruma, kiti kikanisukuma mgongoni, na ndani ya kifua changu kikafunguka kitu. Nimeoa, nimezaa, nimeongoza watu kwenye maji ya ubatizo, na naapa sijawahi kusikia raha kama ile. Nilipofika Keroka nilisimama kando nikashika kifua. Niliogopa. Na tayari nilikuwa naitamani tena.

Kuanzia hapo sikulala vizuri. Nikipima majani nawaza kona. Nikisali nawaza kona. Lakini mzee wa kanisa hawezi kukimbiza gari bila sababu, watu wangemuona. Nilihitaji sababu, na nikaipata pale ambapo hakuna Msabato ambaye angenilaumu.

Sabato yetu inaingia Ijumaa jua likizama. Kwetu majirani hukusanyika sebuleni kwangu, tunaifungua kwa nyimbo na neno, na mimi ndiye naongoza. Jua likizama ukiwa barabarani, umeivunja. Kwa hiyo mtu wetu akionekana Ijumaa jioni anakimbia, hakuna anayemuuliza. Wanasema huyo anaiwahi Sabato.

Kazi yangu Ijumaa inaisha saa nane mchana. Ijumaa ya kwanza niliondoka saa kumi. Iliyofuata, saa kumi na nusu. Nilikuwa nimemaliza kila kitu, nimepiga pasi hadi soksi, nimekaa kwenye kiti naangalia saa ya ukutani. Bosire, mwenzangu wa kwenye mizani, alikuwa ananiuliza, "Karani, leo huendi nyumbani?" Namwambia kuna hesabu za kurudia. Hakukuwa na hesabu. Nilikuwa nasubiri muda upungue ili nilazimike. Saa kumi na moja. Saa kumi na moja na robo. Kila wiki najikatia dakika, na jua ni lile lile, linazama saa kumi na mbili na dakika arobaini. Nilikuwa nafika nyumbani injini inatoa joto, majirani wamesimama mlangoni, mstari mwembamba wa mwanga umebaki juu ya mashamba. Naingia, nafungua kitabu, naanza wimbo. Mikono haitetemeki hata kidogo.

Mke wangu alisimama kanisani akanishuhudia. Alisema mume wake ni mgonjwa, anafanya kazi mbali, lakini hajawahi kuruhusu jua limtangulie. Kanisa likasema amina. Nilikaa pale nikaitika na mimi. Hapo ndipo ninapojishangaa mpaka leo, kwamba sikuona haya. Nilikuwa nawaza Ijumaa ijayo naweza kuondoka saa ngapi.

Ijumaa niliyoondoka saa kumi na mbili kasoro dakika tano sitaisahau. Nilikuwa na dakika arobaini na tano kwa safari ya saa moja na nusu. Kabla sijawasha gari nilicheka peke yangu. Nikapita Keroka katikati ya malori kama mtu aliyeiba. Mbele ya Keroka, kuingia upande wetu, kuna mteremko wenye kona mbili, mashamba ya chai kushoto na kulia. Kwenye kona ya pili kulikuwa na mama amebeba kikapu cha majani mgongoni. Niliona kitambaa chake cha kichwa. Kisha sikumuona. Kwenye kioo niliona majani mabichi yakiruka hewani na kikapu kikibingirika barabarani.

Sikusimama.

Nimeandika mstari huo mara nyingi nikiufuta, lakini nikiuficha hakuna maana ya kuandika. Sikusimama. Na kibaya zaidi, ile raha haikukatika. Nilifika Kebirigo jua bado lina ukingo, nikaongoza wimbo, nikasoma neno, nikala. Usiku nikalala fofofo.

Jumapili mchana tulikuwa nyumbani, mimi, Mama Kwamboka na mtoto, tunapukuta majani ya chinsaga, mboga yetu ya kienyeji, yule mama wa barabarani akaingia kiamboni. Namfahamu, anaitwa Mama Moraa, Mkatoliki, alikuwa ametoka misa amevaa nguo yake nzuri. Goti lilikuwa limefungwa kitambaa. Mkononi alishika kikapu kilichopasuka. Mke wangu akamkaribisha kiti, akamletea chai. Alikunywa yote. Kisha akaweka kikapu chini mbele ya miguu yangu.

"Sikuja kugombana," akasema. "Niliruka kwenye mtaro, Mungu akanisaidia, ni goti tu. Chura kila mtu analijua. Nimekuja kuuliza jambo moja, Karani. Ulikuwa unakimbizwa na nini?"

Mke wangu akamjibu haraka, kwa kunitetea, "Mama, samahani sana, alikuwa anaiwahi Sabato. Kazi inawachelewesha sana kule."

Mama Moraa hakumtazama. Alinitazama mimi. Nikafungua mdomo niseme ndiyo, ni Sabato, nikaishia kuokota kile kikapu na kukigeuzageuza. Mke wangu alinigeukia. Tumeishi miaka ishirini na miwili, anajua nikikwepa jambo naonekanaje. Aliinuka, akachukua simu, akampigia Bosire palepale. "Shemeji, habari za Jumapili. Hebu niambie, mume wangu Ijumaa humaliza kazi saa ngapi?"

Sauti ya Bosire ilisikika hadi mlangoni. "Saa nane, shemeji. Lakini siku hizi hukaa tu kwenye kiti akiangalia saa. Sisi tulidhani nyumbani hamna amani."

Mama Kwamboka aliketi taratibu. Kwamboka aliacha kupukuta mboga. Nilisema yote, mbele ya Mama Moraa, mbele ya binti yangu. Nilisema mpaka ile raha. Nilipomaliza mke wangu alinyoosha mkono bila kuniangalia, nikampa funguo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nilikushuhudia kanisani."

Jumatano tulikuwa kwenye benchi la kijani. Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa nimepagawa, au nina tabia mbaya ya utu uzima. Nilimweleza daktari huku nimeinamisha kichwa. Hakushtuka hata kidogo. Akafungua faili, akasoma alichoandika siku ile ya kliniki ya tatu, akasema, "Ni vidonge, Karani. Kwa watu wengine vinafanya hivyo. Ndiyo maana nilikuuliza."

Mimi ndiye niliyeshtuka. Nilikuwa nimebeba mzigo wa mtu aliyekosa wokovu, kumbe kitu chenyewe nilikuwa nakimeza na chai ya asubuhi. Nikacheka, kisha nikalia, mbele ya daktari wa umri wa mpwa wangu. Mke wangu akauliza, "Kwa hiyo si yeye?" Daktari akafikiri. "Uchu ni wa dawa," akasema. "Kuuficha ni kwake mwenyewe." Nimeshukuru jibu hilo tangu siku hiyo, ingawa liliniuma.

Usije ukaviacha vidonge ghafla kwa kusoma haya. Mimi nilitaka kuvitupa chooni, daktari akaniambia nitalala nishindwe kuinuka kitandani. Tulivipunguza kidogo kidogo, vingine vikaongezwa vya aina nyingine. Na huo ndio ulikuwa msimu mgumu. Mkono ulirudi. Kalamu ikarudi kuandika kikuku, na kazini wakanihamishia kwenye kusoma namba kwa sauti, Bosire anaandika. Vifungo vikarudi kwa Mama Kwamboka. Na uchu haukuondoka siku moja na vidonge, ulibaki wiki nyingi. Mke wangu hakutaka Chura likae kiamboni, akamlipa dereva akalifungia Itumbe nyuma ya nyumba za wafanyakazi, funguo zikarudi Kebirigo ndani ya sanduku lake, na bado jioni nilikuwa naenda naliegemea. Siku moja Bosire alinikuta nimeingia dirishani, nimekaa kwenye usukani bila funguo, nabadilisha gia. Alinifungulia mlango. Akasema, "Twende tukanywe chai, Karani," basi. Hajawahi kumwambia mtu.

Ijumaa nilianza kupanda gari la abiria saa nane na dakika tano. Njiani tulikuwa tunapitwa na kila gari, lakini nilikuwa nafika nyumbani jua liko juu, nakaa nje nikingoja jua kama mtu anayengoja mgeni asiyempenda sana.

Ilipofika msimu wa mvua fupi, Ondieki alipata mtu wa kulinunua Chura. Lilitakiwa lifike Kebirigo. Daktari alikuwa ameniruhusu kuendesha, kwa shingo upande, na mke awe kando yangu. Mama Kwamboka akaja Itumbe Ijumaa asubuhi na funguo ndani ya pochi. Tuliondoka saa nane na robo. Tulikuwa na muda wa kufanya safari hiyo mara mbili.

Lakini mvua ilinyesha, na kabla ya Keroka lori la mahindi lilikuwa limelala barabarani upande kwa upande. Tulikaa hapo kwa muda wa saa tatu. Watu walitoa magunia moja moja. Nilitazama saa yangu ya mkononi, saa kumi na moja, kumi na moja na nusu, na nikasikia kitu kikiamka chini kabisa ndani yangu kikanyoosha miguu. Safari hii sikuwa nimepanga. Sababu ilikuwa ya kweli.

Njia ilipofunguka saa ilikuwa kumi na mbili na dakika tano. Tulipita Keroka. Mvua ilikuwa imekatika, lami inang'aa, mbele yangu hakuna gari. Mke wangu alikuwa anaangalia jua, si barabara. Maisha yake yote Sabato haijawahi kumkuta njiani, tangu kwa mama yake. Nilimuona akishika pochi kwa mikono miwili.

"Baba Kwamboka," akasema. "Leo si makosa yako." Akalitazama jua tena. "Kanyaga kidogo tu. Kidogo."

Hata yeye alishtuka kusema hivyo, nilimsikia pumzi. Mimi ndio usiseme. Yule aliyenifungia funguo sandukuni ndiye ananipa ruhusa, na mguu ulikuwa umeshajibu kabla yangu, Chura likaanza kuimba, mshale ukapanda. Uchu wote nilioudhani umeisha ulikuwa pale, mzima, haujakonda.

Mbele, juu ya ule mteremko wa kona mbili, nikaona mtu mwenye kikapu. Alisikia sauti ya injini. Hakugeuka hata kuangalia. Aliruka mtaro akaingia katikati ya michai, mpaka kiunoni, akasimama humo na mgongo wake kwetu.

Nikaondoa mguu.

"Hapana, Mama Kwamboka," nikasema. "Leo tutachelewa."

Tulishuka ule mteremko kwa mwendo wa pikapu ya kanisa. Tulipofika usawa wake, Mama Moraa aligeuka. Alituangalia tukipita, akiwa bado ndani ya chai. Niliinua mkono wa kulia kumsalimu, ukatetemeka ukiwa hewani, sikuushusha. Akainua wake.

Jua lilizama tukiwa na safari ya zaidi ya nusu saa mbele yetu. Malori yalitupita yakipiga honi. Mke wangu aliyaacha machozi yashuke, na baadaye akaanza ule wimbo tunaoufungulia Sabato, taratibu, nikaitikia sauti ya chini.

Tulipofika Kebirigo waliokuja kwetu walikuwa wameshaanza bila mimi. Shemasi yule aliyeninusa ndiye aliyekuwa anaongoza. Nikaketi kwenye benchi karibu na mlango, nikafungua kitabu, lakini kilitikisika mpaka maneno yakawa hayasomeki. Kwamboka akatoka alipokuwa, akaja kuketi kando yangu, akashika upande mmoja wa kitabu, na tukaimba beti zilizobaki.